Mistari Miwili ya Clifford Entwistle

Kila Desemba, kwa miaka ishirini na sita, Clifford Entwistle alivaa gauni, wigi na matiti ya sponji, akawachekesha watu wa Morecambe, mji wa pwani huko Uingereza, kwa kuigiza mama katika mchezo wa Krismasi aliouandika mwenyewe. Zamani aliwahi kuwa redioni, kisha televisheni misimu miwili, mpaka wakubwa wakamwona kapitwa na wakati. Jumba dogo la maigizo la mji huo ndilo lililomwokota.

Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na amechoka, si uchovu wa kulala ukaisha. Alitaka kuacha. Tangu Agosti alijaribu kumwambia Maureen Haslam, meneja wa jumba, lakini kila akifungua mdomo mama yule alimmiminia chai na kuanza kupanga mchezo wa mwakani.

Woga wa kumwambia ulimharibia hata kazi. Aliandika mchezo mzima, akashindwa mistari miwili ya mwisho, ile ya kuwaaga watu. Bahati yake, waigizaji wa huko wana mwiko: mistari hiyo haitamkwi mazoezini, ni nuksi. Basi kila walipofika hapo alinyamaza, na wenzake wakanyamaza naye kwa heshima. Hakuna aliyejua kwamba karatasi ni tupu.

"Mwaka huu mistari yako umetuficha kweli, Cliff," Maureen alimtania nyuma ya pazia siku ya ufunguzi.

"Maureen, kuna jambo..."

"Baadaye, mpenzi. Wigi lako limekaa upande."

Saa kumi na nusu jioni mchezo ukafika mwisho. Muziki ulikoma, watu mia sita wakamkodolea macho. Kichwani hamna hata neno, akasema lililokuwa moyoni.

"Nimechoka, jamani. Miguu imekwisha, na mimi nimekwisha. Mwakani sirudi."

"Unarudi!" ukumbi ukalipuka. Ndivyo walivyofunzwa tangu utotoni: katika michezo hii mwigizaji akikana jambo jukwaani, watazamaji humbishia kwa kelele.

"Sirudi, wallahi!"

"Unarudiii!"

"Nasema kweli!" Machozi yalikuwa yakimtoka, yakiharibu poda. Watoto walisimama juu ya viti kwa furaha.

Pazia liliposhuka, Maureen alimkumbatia, mbavu hana.

"Mshenzi wewe! Kumbe ndicho ulichokuwa unaficha! Mwakani tunarudia hivyohivyo, neno kwa neno. Sawa?"

Clifford alikwisha kukataa mara tatu mbele ya watu mia sita. Ya nne hakuwa na nguvu nayo.

"Sawa," akasema.