Pampu ya bwawa la Mama hapa Matogoro: nilichofanya kwa akili kiliharibu, nilichosahau kikatengeneza

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Matogoro, Songea. Sijatia chumvi, na sehemu nilizoonekana mjinga nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mwalimu wa historia. Mambo ya umeme na mabomba huwa nayasikia kwa watu.

Mwaka jana Mama yangu mzazi alianguka shambani kwake Nakapanya akiokota korosho, akavunjika paja. Akawekewa chuma, nikamleta kwangu. Mfupa ukaunga ila mguu ukagoma. Akisimama anatetemeka, anakaa.

Mtaalamu wa mazoezi akasema Mama akipata maji ya kumfika kifuani akatembea humo kila siku, mguu utarudi, maana majini uzito unapungua.

Bahati ikaja. Jirani mmoja mkandarasi alikuwa anahama, akaniachia bwawa la turubai, lile linalosimamishwa juu ya ardhi kwa mabomba ya chuma, huchimbi shimo. Filta yake ya kuchuja maji ilikuwepo. Pampu ilikuwa imeungua.

Nikaenda mjini kwa fundi Komba, anauza pampu na kufunga mwenyewe.

"Kisima chako kina mita ngapi, ticha?"

"Sina kisima."

"Sasa maji unayapandisha wapi?"

"Siyapandishi. Yanatoka bwawani, yanarudi bwawani."

Komba akanitazama kwa huruma. "Yaani unayatoa, halafu unayarudisha yalipotoka?"

Hapo na mimi nikaanza kujishangaa. Kwa aibu nikachukua aliyonishauri, ile kubwa ya kupandisha maji mlimani. Nikajiambia ya Mama isiwe ndogo.

Tulipoiwasha, mpira ukachomoka, mfuniko wa filta ukapasuka, maboga ya jirani mwingine yakapata mvua ya bure. Mama alikuwa amekaa barazani na dera lake la kuingilia majini, tayari. Akainuka na magongo yake, akarudi ndani taratibu. Niliumia sana.

Sasa chekeni. Mke wangu anafundisha fizikia. Sikuwa nimemuuliza, na yeye hakusema kwa kuwa hakuulizwa.

Akaja akasoma kibandiko kwenye filta. Kinaeleza filta inahimili lita ngapi kwa saa. "Pampu isizidi hapo," akasema. "Unachagua pampu kwa kuangalia filta, siyo kwa kuangalia mlima."

Tukaagiza mfuniko na pampu ndogo kutoka Dar, vikaja na basi. Ilikuwa ndogo mpaka nikahisi tumepigwa.

Wiki ya kwanza raha tupu. Mama anatembea majini huku anahesabu hatua kwa Kiyao, mke wangu kamshika mkono.

Halafu maji yakaanza kuwa kijani.

Nikaongeza klorini. Yakazidi. Nikamwaga yote, nikajaza upya, siku chache yakarudi kijani kama mlenda. Nikaisugua pampu kwa nje mpaka ikang'aa, sijui nilitegemea nini. Nikalaumu klorini, nikalaumu maji ya bomba, nikamlaumu hata jirani aliyehama. Kichwa kilikuwa kimevurugika, darasani nafundisha vita huku nawaza bwawa.

Siku moja Mama akakanyaga utelezi chini ya bwawa, akazama mpaka kidevuni. Mke wangu akamdaka. Alipotolewa akasema, "Mwanangu, nimeshavunjika nchi kavu, inatosha. Korosho zikianza kudondoka nitaenda kwangu, hata kwa kutambaa."

Hakuwa anatania. Na msimu ulikuwa karibu.

Wiki hiyo hiyo tukapata msiba Mbinga, upande wa mke wangu. Mama naye akagoma kubaki, akasema msiba wa wakwe haukoswi. Asubuhi nikamwaga klorini kwa mazoea, nikawasha pampu kwa dakika zake kumi, tukahangaika kumpandisha Mama kwenye gari, tukaondoka.

Tumeshafika Mbinga ndiyo nakumbuka pampu sikuizima. Nyumba nimefunga, funguo ninazo mfukoni. Siku mbili nzima nilikaa msibani nalia misiba miwili.

Tuliporudi nikakimbilia uani. Pampu ilikuwa inanguruma tu, ya vuguvugu. Nikachungulia bwawani nikaona mpaka chini. Nikaona kibanio cha nywele cha mke wangu kilichopotea.

Nilisimama pale sielewi kitu. Nilichofanya kwa bidii kiliharibu, nilichosahau kikatengeneza.

Mke wangu akaniuliza, "Kwani ulikuwa unaiwasha muda gani?" Nikamwambia dakika kumi. Akashika kiuno.

Wakuu, kwetu sisi pampu ni ya kujaza tangi. Tangi likijaa unazima, ukiiacha unaonekana unafuja umeme. Hii hapa haijazi chochote. Inachuja, na haichuji mpaka maji yazunguke masaa. Klorini yangu nayo ilikuwa inakaa sehemu moja.

Tukaizima, tukachomoa waya, tukafungua filta. Ndani kulikuwa na tope la kijani zito. Siku hizi naiosha kila wiki, naangalia mipira isivute hewa, siiwashi ikiwa kavu, na mtu akiwa majini waya hauko kwenye soketi. Pampu inazunguka tangu asubuhi mpaka alasiri.

Mama alirudi majini. Gongo moja likaachwa, kisha la pili.

Wiki tatu zilizopita akafunga mzigo wake. Stendi nikampa mkono apande basi la Tunduru, hakuushika. Akapanda mwenyewe, akakaa dirishani, akasema, "Alhamdulillah, umenitengeneza. Sasa niache niende."

Nilifurahi kweli. Pia nilirudi nyumbani nikakaa chumbani kwake mpaka mke wangu akanifuata.

Funzo ni hili: soma filta kabla ya kununua pampu, iache izunguke, na muulize mtu aliye ndani ya nyumba yako kabla ya fundi.

Ila kuna kitu bado sikielewi. Bwawa halina mtu sasa, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule naiwasha pampu.

Wenye mama zao walio mbali, nishaurini. Niizime?