Waya wa Shaba Shambani kwa Anyait

Anyait ni mkulima wa wimbi na muhogo karibu na soko la Chakol. Mumewe, Ochom, aliuawa na radi akipalilia, na tangu siku hiyo wingu likianza tu kujikusanya upande wa Tororo, Anyait huacha jembe lilipo akarudi nyumbani.

Miaka miwili baada ya msiba ule, umeme ulifika. Nguzo ya transfoma ikasimikwa shambani kwake. Alimwuliza msimamizi wa mafundi waya wa shaba ulioshuka kwenye nguzo na kuzama ardhini ulikuwa wa nini. Akajibiwa harakaharaka kwamba ni wa kushusha radi. Alichosikia yeye ni kwamba radi sasa itashushwa kwake. Alivumilia misimu mitatu. Wa nne, asubuhi moja kavu, aliukata kwa panga, akautupa chooni.

Mvua ya Aprili ilikuja mchana. Radi ilipiga laini ya umeme, transfoma ikapasuka. Kinu cha kusaga kikanyamaza, na chanjo za zahanati zikabebwa kwa pikipiki hadi Busia. Omuse, fundi wa laini, alipokuja aliwaonyesha watu pale waya ulipokatwa, akasema vizuia radi vilivyo juu ya nguzo haviwezi kufanya kazi bila waya ule. Kila mtu akajua ni wezi wa shaba. Jioni hiyo Bwire, aliyezunguka na baiskeli akinunua vyuma chakavu, alipigwa sokoni na baiskeli yake ikachomwa. Alikana mpaka sauti ikakauka.

Anyait aliuona moshi akiwa nyumbani kwake. Kesho yake, aliposikia yaliyompata Bwire, alimfuata Omuse pale kwenye nguzo, akamwambia ni yeye aliyekata.

Omuse hakumtisha kwa polisi. Alimweleza polepole kwamba waya hauiti radi. Radi ikishapiga laini hutafuta njia ya kwenda ardhini, na ikikosa waya hupasua mashine.

"Nimeelewa," Anyait alisema. "Lakini hiyo njia inapita kwangu. Nani aliniuliza?"

Omuse alimsihi asikaribie nguzo mvua ikinyesha, akaahidi kuuliza kama inaweza kuhamishwa. Ofisi ya umeme ilikataa. Wiki ya tatu transfoma mpya ikaletwa, na waya mpya ukazamishwa palepale.

Kabla ya hapo Anyait alikuwa amesimama kwenye baraza la chifu akakiri mbele ya watu wote. Wengine walinung'unika. Waliompiga Bwire waliangalia chini.

Bwire mwenyewe alikuwa amehamia Malaba, mpakani. Anyait alimkuta huko kwenye foleni ya malori, akiosha vioo kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa bandeji. Akapiga magoti, akamweleza yote.

"Mama, nimekusikia," Bwire alisema. "Lakini Chakol sirudi."

Akachukua ndoo yake, akaelekea lori lililofuata. Anyait alibaki chini kwa muda, madereva wakimtazama, kisha akainuka kutafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani.