Faili Chini ya Mguu wa Meza

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma tulipelekwa fildi, wiki nane za kujifunza kazi kwa watu wanaoifanya. Nilikuwa nasomea utunzaji wa kumbukumbu, nikapangiwa masijala ya ofisi moja mjini, chumba kirefu kilichojaa mafaili ya watumishi. Niliingia na kiburi cha mtu aliyefaulu mitihani ya darasani. Mama aliyesimamia masijala, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanionyesha meza ya karibu na dirisha.

Meza ile ilicheza. Ukiandika inainama kushoto, ukiinua mkono inarudi kulia. Tangu utotoni sina subira na vitu vya namna hiyo. Ukutani palikuwa na rundo la mafaili makuukuu yaliyosubiri kuteketezwa. Nikachomoa moja jembamba, nikalisukuma chini ya mguu wa meza, ikatulia tuli. Nikajiona nimeianza kazi vizuri.

Wiki ya pili akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kibakwe, mwanamke wa makamo, mgongoni amembeba mtoto wake wa miaka minne ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. Mtoto alitakiwa afanyishwe mazoezi hospitali ya mjini kila wiki, na kutoka kule milimani lilikuwa jambo gumu. Mwalimu alikuwa ameomba uhamisho. Kila kitu kilikuwa tayari, alisema, ila bosi hawezi kusaini bila faili, na faili halionekani.

Nikatumwa kulitafuta. Nilipekua makabati mawili, nikarudi mikono mitupu, nikamwambia aje wiki ijayo. Alikuja. Akaja na iliyofuata. Siku hiyo ya tatu alinikuta nina njaa na vumbi la makabati limenijaa puani.

"Mwalimu, hapa sisi hatuli mafaili," nilimwambia.

Mama wa masijala alinitazama. Mwalimu alimweka mtoto sawa mgongoni.

"Najua nawasumbua, mwanangu. Akikosa mazoezi miguu inakaza, ndiyo maana nasumbua."

Na kweli nilimwona msumbufu. Nilikuwa na wiki nne tu ofisini, na tayari nilikuwa nimejifunza kuwachoka watu.

Wiki ya sita jua la dirishani lilinishinda, nikaamua kuihamisha meza. Nilipoiinua, lile faili likabaki sakafuni kifudifudi. Nililigeuza nikasoma jina. Lilikuwa la mwalimu. Nani alilitupa kwenye lile rundo sijui hadi leo, lakini aliyeliweka chini ya meza bila kulisoma nilikuwa mimi, niliyefundishwa katika somo la kwanza kabisa kwamba faili halitoki lilipo kabla hujalisoma jina.

Ningeweza kusema. Mama alikuwa hatua tano tu kutoka nilipo. Lakini alama zangu za fildi zilikuwa mkononi mwake, nami nilikuwa mwoga. Nikalipangusa vumbi kwa mtandio.

"Mama, nimeliona. Lilikuwa limechanganyika na yale ya kuteketezwa."

Alifurahi mno. Alimpigia mwalimu simu hapo hapo, kisha akafungua kitabu changu cha fildi, akaandika kwa mwandiko wake wa kizamani: "Ni makini sana." Nikasema asante mama, huku nimeinamisha kichwa.

Mwalimu alifika kesho yake. Mama, ambaye tangu simu ile alikuwa ameshapanda kwa bosi na kurudi, alimweleza taratibu kwamba faili limepatikana, ila dirisha la uhamisho lilikuwa limefungwa wiki iliyopita. Ombi lingesubiri awamu nyingine, miezi sita mbele. Mwalimu hakulalamika. Aliomba kalamu ajaze fomu upya, akaketi mezani kwangu.

Meza ikacheza. Aliishika kwa kiganja, akaendelea kuandika, ikacheza tena. Faili lake lilikuwa mbele yake, na kwenye jalada palikuwa pamebonyea umbo la mraba. Akapapitishia kidole. Akatazama mguu wa meza, kisha akanitazama mimi. Mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka ishirini haulizi nani kafanya.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie, "meza ikicheza, kunja karatasi tupu."

"Ndiyo, mwalimu," nilijibu. Nikaishika meza isicheze, bila kuomba samahani. Alimaliza kujaza fomu, akamfunga mtoto mgongoni, akaaga, akaenda kutafuta basi la kurudi Kibakwe.

Jioni, kabla hatujafunga ofisi, nilimweleza mama yote. Nililia, na sikulia kwa ajili ya alama. Nikamkabidhi kile kitabu afute aliyoyaandika. Alikisoma kidogo, akanirudishia.

"Sifuti," alisema. "Kaa nacho, uwe unalisoma hilo neno."

Ninacho mpaka leo. Sasa mimi ni mtumishi mwenye masijala yangu, na mara nyingine nakifungua kabla sijamwambia mtu aje wiki ijayo. Kama yule mtoto aliwahi kusimama, sijui.