Mkaguzi wa Foleni ya Kulia

Foleni zilikuwa mbili, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeona tatizo. Saa kumi jioni king'ora cha kiwanda cha biskuti kilipolia, wanaume walijipanga kushoto mwa geti, wanawake kulia. Wa kushoto walipapaswa na mlinzi mzee mwenye kikohozi kisichoisha. Wa kulia waliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la kijani, wakainua mikono, na mama mmoja mnene mwenye viganja vya moto akawapitia kwapani, kiunoni na mifukoni, kisha akasema, "Pita." Neno hilo alilisema mara nyingi mno kwa siku, hata likawa jina lake. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, alimtania kwamba Mama Pita hata usingizini anaruhusu watu.

Kazi alitafutiwa na shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye ndiye mkuu wa walinzi. Shemeji huyo alikuwa bingwa wa kukumbusha. Haikupita wiki bila kumkumbusha ni nani aliyemtoa jikoni akamvisha sare.

Katika foleni ya kulia alijipanga pia fundi wa mitambo, waliyemwita Spana. Kadi yake ya kazi ilisema mwanamke, basi foleni ikawa ya wanawake, japo kichwa alinyoa, ovaroli alivaa ya kiume na sauti ilimtoka chini kabisa kifuani. Wafunga maboksi walimwita kaka, wakanda unga walimwita dada, naye aliitikia kote kote bila kinyongo. Mwanzoni watu walichekacheka. Baadaye wakazoea, maana mashine ikigoma hakuna anayeuliza jinsia ya anayeifufua.

Mama Pita naye angezoea, kama si mikono yake. Spana akiingia nyuma ya pazia aliinua mikono na kufumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Siku moja, yapata miaka miwili sasa, Mama Pita alinyoosha mikono akaikuta inatetemeka. Akairudisha. Kumgusa mtu kwa kisingizio cha kazi huku moyo una yake ni wizi, alijiambia, tena wizi wa kuvaa sare. Akasema, "Pita." Spana akafumbua macho, akamtazama kidogo, akapita. Tangu siku hiyo hakumgusa tena. Walisimama tu nyuma ya pazia kwa muda wa ukaguzi, hatua moja kati yao, wakiongea habari za mkanda wa mashine namba tatu.

Nyumbani, akichambua mchele, alijiuliza yeye ni nani sasa. Kupanga watu kulia na kushoto ndiyo kazi aliyoijua, akajaribu kujipanga mwenyewe na akashindwa. Mumewe alimpenda, wala si kwa mdomo tu. Kabla yake kulikuwa na kijana muuza mkaa. Na kabla ya huyo, msichana waliyekaa naye dawati moja, ambaye alipohama shule Mama Pita alilala kitandani wiki nzima na mama yake akamnywesha dawa ya malaria. Alipomfikiria Spana hakumfikiria mwanamume wala mwanamke. Alifikiria ile shingo yenye doa la grisi, na namna Spana alivyoinamisha kichwa kuisikiliza mashine kabla ya kuigusa. Alitamani kusikilizwa hivyo. Jambo hilo lilimtia hofu, na hofu ilizidi kwa kuwa hakulijua jina lake.

Kisha beringi za mashine zikaanza kupotea stoo.

Kwanza zilipotea mbili, halafu sita. Meneja mpya, mtu mpole wa sauti asiyekunja sura hata akifukuza watu, alimwita Mama Pita ofisini Jumatatu asubuhi. Shemeji alikuwa ameshakaa pembeni, mguu juu ya mguu.

"Mama, yule fundi unamkagua?" meneja aliuliza.

"Anapita kwangu."

"Sijauliza anapita wapi."

Meneja akasukuma karatasi mezani. "Alhamisi utamkagua chumba cha walinzi. Nguo zote zitoke. Mimi na mkuu wako tutakuwa mlangoni. Ukimaliza, jaza umepata nini. Na hapa," aliweka kidole chini ya karatasi, penye vijisanduku viwili, ME na KE, "utajaza ulichokiona kwa macho yako. Kadi mtu anaweza kudanganya."

"Hilo linahusiana nini na beringi, bosi?"

Shemeji akacheka. "Shemeji yangu, tunataka kujua tunafanya kazi na nani. Au wewe unajua?"

Kufika saa sita kiwanda kizima kilikuwa na habari. Wafunga maboksi walikuwa wameshaanza kubishana itakuwa ME au KE. Vijana wawili wa stoo walisema Alhamisi wataomba ruhusa ya kukaa karibu na dirisha la chumba cha walinzi, na hawakuwa wanatania.

Jioni, nyuma ya pazia, Mama Pita alimnong'oneza Spana, "Usije Alhamisi."

"Nisipokuja, beringi zimekuwa zangu," Spana alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mama, niambie kweli. Utafanya?"

Mama Pita alisema, "Pita."

Jumanne na Jumatano hakula chakula cha kueleweka. Akikataa ataachishwa kazi, na Spana ataletewa mtu mwingine wa kumvua saa ile ile. Akikubali, mikono yake hii ndiyo itakayofungua vifungo vile. Jumatano, akiwa chumba cha walinzi, macho yaliangukia kanuni zilizobandikwa ukutani ndani ya kioo chenye ufa. Alizipita miaka yote bila kuzisoma. Ya saba iliwekwa baada ya mlinzi mmoja wa zamani kumpitisha mchumba wake kila siku na pakiti za biskuti ndani ya kilemba, mpaka pakiti moja ikaanguka miguuni pa mhasibu. *Mlinzi hatamkagua ndugu yake, wala mtu yeyote aliye na mapenzi naye. Atatangaza kwa maandishi, na ukaguzi utangoja mlinzi mwingine.* Mlinzi mwingine wa kike alikuwa makao makuu, na asingefika kabla ya Jumatatu. Alisoma mara tatu.

Alhamisi saa kumi Spana aliingia na sanduku lake. Bila kuambiwa alimwaga vyote mezani: spana, tochi, matambara, nyembe. Aligeuza mifuko nje. Shemeji akapekua hata tochi, akatoa betri. Hapakuwa na beringi.

"Bado," meneja alisema kwa upole. "Mama, endelea." Nje ya dirisha mtu alikohoa kuficha kicheko.

Spana akainua mikono, akafumba macho. Mama Pita akachukua kalamu, akageuza ile karatasi, akaandika nyuma yake polepole, maana alitaka isomeke. Akampa meneja.

Meneja alisoma, akatazama kanuni ukutani, akampa shemeji. Shemeji alianza kutabasamu, akadhani ni mzaha. Tabasamu likafa.

"Unajua umeandika nini?"

"Nimeandika nampenda," Mama Pita alisema. "Yeye hajui. Sijawahi kumwambia wala kumgusa kwa mapenzi. Lakini siwezi kumkagua, kanuni hiyo hapo."

Spana akafumbua macho. Mikono yake ilishuka taratibu, kama imesahau njia. Meneja, mtu wa kanuni, alisema ukaguzi ni Jumatatu. Spana alikusanya vyombo vyake kimoja kimoja. Mlangoni aligeuka. "Ule mkanda wa namba tatu," alimwambia Mama Pita, "mtu awe anausikiliza." Mama Pita akajua kwamba Jumatatu hatamwona. Alimsikiliza akitembea mpaka geti lilipofungwa.

Alipotoka, pikipiki ya shemeji haikuwa mahali pake.

Aliikuta mlangoni kwake, injini bado ina joto. Majirani wawili walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, na hawakumsalimia. Ndani, mumewe alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka kuliko ulivyowahi kunyooka kwa miaka mitatu. Karatasi ilikuwa mbele yake. Shemeji alisimama nyuma yake, mkono begani pa mdogo wake.

"Mama watoto," mumewe alisema, sauti ndogo. "Mimi nataka jambo moja tu. Nijibu hilo, nijue la kufanya. Huyu mtu ni mwanamume au ni mwanamke?"

Mama Pita aliona jinsi anavyomsubiri, na kwamba angepokea jibu lolote kati ya hayo mawili. Alimhurumia kweli kweli.

"Sijui," alisema. "Sikumkagua."

Shemeji akatoka nyuma ya kiti, akaenda kufunga mlango.