Sista wa Dawa Mbili na Fundi Aliyeficha Ganzi

Saa mbili asubuhi, chumba cha dripu bado kinanuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi ananing'iniza mfuko wa pili kwenye stendi, anaugonga kwa ukucha, anayatazama matone yanavyoshuka.

"Dawa zote mbili zimeshaungana, Fundi. Huo uvimbe leo hauna pa kutokea," anamwambia mgonjwa wake.

Wagonjwa wanamwita Sista Maswali, na jina limemkaa. Anahudumia watu walio katika jaribio la tiba ya saratani ya mapafu, ile inayosambaa kwa kasi. Dawa moja inaua seli za saratani, nyingine inaamsha kinga ya mwili. Watafiti wanataka kujua kama zikitolewa pamoja zitamwongezea mgonjwa maisha, na kama mwili utazistahimili.

Shida ni kwamba wagonjwa wake, anaowapenda kama ndugu, ni waongo wakubwa.

"Wanaogopa kuondolewa kwenye jaribio," anasema huku akicheka. "Mtu ametapika usiku kucha, ukimuuliza anakwambia, niko fiti, Sista."

Fundi, mshonaji wa suti, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Mara ya mwisho alipokuja, kila swali alilijibu "salama tu". Lakini muuguzi alimwona akishika kikombe cha chai kwa viganja viwili, kama mtoto. Hakubishana naye. Alikata kifungo cha koti lake mwenyewe, akampa pamoja na sindano na uzi.

"Nishonee, baba, nisije nikaaibika mbele ya daktari."

Fundi alijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akajaribu tena. Mwishowe akaiweka sindano mezani, machozi yakimlengalenga.

"Vidole vimekufa ganzi, mwanangu. Usiwaambie. Wakinitoa, ndiyo basi tena."

Muuguzi alimwambia daktari siku hiyo hiyo.

"Niliumia sana," anakiri. "Aliniona msaliti. Lakini ganzi ikiachwa, mikono inaweza isirudi. Na wanaokuja nyuma yake watapewa dozi ile ile."

Fundi alimnunia kutwa nzima. Hata hivyo hakuondolewa. Kanuni za jaribio zinaruhusu kupunguza dozi, naye akapunguziwa. Leo ndiyo dripu yake ya kwanza tangu hapo, na kinyongo kimekwisha. Anamsimulia Sista vituko vya mjukuu wake.

Mapafu yatapigwa picha mwezi ujao. Hakuna ajuaye itaonyesha nini, na muuguzi hapendi kumpa mtu matumaini ya uongo.

Yeye mwenyewe anaomba nini? Anajifuta mikono, anafikiri.

"Wengi tumewazika," anasema taratibu. "Huyu nataka azeeke. Azeeke mpaka tukikutana njiani asikumbuke aliniona wapi."