Fidia ya Ng'ombe Wawili

Leo nacheka, lakini siku ile ningeonyeshwa gunia la kahawa ningeingia mwenyewe nishonewe humo.

Mjomba wangu, kibarua wa shamba la kahawa la Mzungu, alikatwa vidole viwili na mashine ya kumenya kahawa, kazi ikaisha, tumaini likabaki kwenye fidia tu, anunue ng'ombe wa maziwa, watoto wapate kula. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya usiku (hesabu nilikuwa wa kwanza, tulikuwa wanne), nikamwambia ya nini kungoja karani wa ofisi ya kazi, fidia ni mshahara wa mwezi mara miezi iliyopangwa na sheria kwa vidole vile, nikakokotoa palepale nyumbani Maji ya Chai, nikapata ng'ombe wawili na chenji. Mjomba akamwambia mkewe, mkewe akaliambia soko, na siku ya kwenda mjini tukamkuta muuzaji wa ng'ombe wa soko letu ameshafunga ng'ombe wake wawili nje ya ofisi ya kazi, na watu wa kwetu kama mia tano (haya, kumi na wanane) wamekuja kushuhudia.

Karani akaitazama kadi ya kipande, ile ya siku thelathini za kazi, ambayo ikijaa ndipo kibarua hulipwa. "Mzee, siku hizi thelathini ulizijaza kwa muda gani?"

"Miezi miwili na nusu, bwana. Nina migomba yangu pia."

Jamani! Malipo ya kipande kizima mimi nimeyaita ya mwezi, na ninajua kabisa kwetu hakuna anayejaza kipande kwa mwezi mmoja. Kalamu ikakata zaidi ya nusu, na kilichobaki hakikufika bei ya ng'ombe hata mmoja. Mjomba akaitazama sakafu. Karani akauliza ile hesabu ya kwanza aliifanya nani, nami nikatazama dari.

"Mpwa wangu huyu," mjomba akasema taratibu. "Alisoma usiku, bwana. Vitu vingine havikuonekana."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Karani akafuta machozi, akaniuliza unga na maharage ya posho aliyopewa mjomba shambani nimeviweka wapi katika hesabu. Sikuviweka popote, nilidhani chakula si mshahara. Akaviongeza, ndipo ng'ombe mmoja akapatikana, na mjomba akanishika bega kwa ule mkono wa vidole vitatu, akacheka kuliko wote.

Muuzaji hakucheka. Alisema ng'ombe wa pili atarudishwa na aliyemwita. Nikamswaga kwa miguu hadi Maji ya Chai, nikieleza habari za kipande kwa kila aliyeuliza njiani, na waliuliza wote. Tangu hapo, mtu akiniletea kadi yake, kalamu inabaki mfukoni kwanza, namuuliza siku zile thelathini alipokuwa akizijaza, shambani kwake nani alikuwa analima.