Majina Yetu Yaliyosomwa Redioni

Kila Alhamisi alasiri shirika letu la mtaa wa Cimpunda lilikutana kusali nyumbani kwa mmoja wetu. Shirika ni familia chache za Kikristo zinazokaa jirani, nami nilikuwa nimechaguliwa kuliongoza. Nilisoma Injili, na daftari la mahudhurio lilipita mkono kwa mkono, kwa kuwa padri alilidai kila mwezi. Kwa miaka mingi tulizoea kusaini karatasi yoyote iliyopita huku rozari ikiendelea, bila kuitazama. Namshukuru Mungu kwa miaka ile, ingawa kosa langu lilianzia humo.

Wakati huo bunge la mkoa lilikuwa limepitisha edi, yaani sheria ya mkoa, iliyokataza kubomoa nyumba za mitelemkoni kabla ya wenyewe kupewa kiwanja kingine. Gavana alikataa kuitia saini, akairudisha bungeni ijadiliwe upya. Watu wa chama chake walisema wabunge wanataka tufukiwe na maporomoko ya udongo. Wapinzani wake walisema anawatafutia rafiki zake viwanja. Ukweli sikuujua. Nilijua tu kwamba mjane mmoja wa shirika letu alikuwa amechorewa alama nyekundu kwenye nyumba yake ya mbao, ukingoni mwa korongo, na kwamba bila edi ile nyumba ingevunjwa.

Ugomvi uliingia hata katika sala. Wa gavana walikaa upande wa mlango, wa bunge upande wa dirisha. Wakati wa kupeana amani, mwalimu mmoja wa upande wa dirisha alimwambia mama muuza vitenge, "Amani, maman. Unisalimie gavana."

"Atakusalimia yeye mwenyewe, papa, siku atakuja kuvunja choo yako," mama akajibu.

Watu wakacheka, si wote.

Alhamisi moja alikuja mwanamume wa makamo, akasema amehamia kutoka Walungu na anatafuta shirika. Aliimba vizuri na alijua viitikio vyote. Tulipofika tendo la nne la rozari nikaona karatasi imewekwa juu ya daftari. Nilidhani ukurasa umejaa. Nikasaini wa kwanza, wengine wakafuata. Mjane alisaini polepole, kwa furaha; alikuwa amejifunza kuandika jina lake mwaka uleule, parokiani.

Jumapili redio ikatangaza kwamba wakazi wa mitelemko wanamuunga mkono gavana kwa kukataa edi. Majina yakasomwa. Langu lilitangulia. La mjane lilikuwamo.

Alinijia jioni hiyohiyo, akabaki amesimama.

"Papa, ile karatasi ilitoka kwako."

"Ilitoka kwa yule mugeni, mama."

"Na mugeni, nani alimuleta?"

Mgeni hakuonekana tena. Nikaanza kumshuku mama wa vitenge, kwa sababu ndiye aliyempa kiti Alhamisi ile. Niliongoza sala huku nikimchungulia usoni, na nilipogundua kwamba wengine wananichungulia mimi vivyo hivyo, nikaona haya. Walisema nimenunuliwa. Sikuwalaumu, jina la kwanza lilikuwa langu.

Niliandika barua kwa bunge nikieleza kwamba saini zetu zilichukuliwa kwa hila. Nikamsomea mjane.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaichukua, akaikunja, akaenda nayo kwa mwalimu, amsomee. Kisha akaipeleka kwa mama wa vitenge, naye amsomee. Siku mbili nilingoja. Aliporudi alisema, "Mumesoma maneno ile ile, na hamupendane. Leta kalamu." Mama wa vitenge alikuwa amekwisha kusaini pembeni, bila kuombwa. Nilimwomba Mungu msamaha kwa yale niliyomfikiria, lakini nakiri kwamba hata leo sijajua kama kile kiti alimpa mgeni kwa wema tu au la.

Barua tuliipeleka. Kama ilisomwa, sijui. Siku wabunge walipoipigia edi kura upya tulisimama nje ya lango la bunge, mjane nami, tangu asubuhi. Mchana vijana wa upinzani wakatoka wakiimba kwamba edi imepita mara ya pili, na kwamba sasa gavana atalazimika kuitia saini.

Nikamshika mkono. "Tumshukuru Mungu, mama. Twende."

"Bado, papa. Hawa wanaimba kila siku."

Tukangoja jua likituchoma, hadi akatoka mbunge wa chama cha gavana, uso umekunjamana. Mjane akamfuata hadi mlangoni mwa gari.

"Papa depite, ile edi ya nyumba iko imepita?"

"Imepita," akajibu bila kumtazama. "Mukae sasa kwenye korongo yenu."

Akafunga mlango. Mjane akarudi kwangu akifunga kitenge chake vizuri.

"Sasa twende," akasema.